Treni Ulaya kisha kutembea kwa miguu kando ya bahari: Italia au Ureno? Na pasi ya treni nikate au niache?

Mwana_Lushoto

Wakuu habari za leo. Niko Freiburg, Ujerumani, nasoma masters, nina miaka 26, kibali cha kuishi ninacho. Mwisho wa mwezi wa tisa nina kama wiki mbili kabla ya semista kuanza na safari hii nimeamua sikai bwenini. Nataka nibebe begi la mgongoni, nipande treni tu (ndege sitaki kabisa, nataka nione nchi inavyobadilika), nishuke hadi baharini halafu nitembee kwa miguu kando ya bahari siku kadhaa, usiku nalala hosteli.

Sasa nimesoma mtandaoni hadi kichwa kinauma. Wengine wanasema kata Interrail, ile pasi moja ya treni za nchi nyingi za Ulaya, wengine wanasema hiyo ni hela ya kutupa. Kuna wanaosema Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani Italia, kuna wanaosema pwani ya Ureno. Nimekulia milimani kwa hiyo kupanda na kushuka hainisumbui, kinachonisumbua ni bajeti ya mwanafunzi na kwamba ntakuwa peke yangu, mdada mweusi na begi. Waliopita huko naomba mnielekeze, hata kama ni kwa urefu ntasoma yote.

ReliKwaReli

Dada karibu, umeuliza kitu ninachokipenda kuliko vyote kwa hiyo vumilia nitaandika ndefu.

Cha kwanza, usiende kuhesabu nchi. Vijana wengi wakishika ile pasi wanaona nchi 33 wanataka kuzimaliza, leo Prague kesho Vienna keshokutwa Budapest, mwisho wanakumbuka stesheni tu. Wewe umesema bahari na miguu, basi chagua pwani moja ambayo reli na njia ya miguu vinakwenda pamoja, na kwa kutokea Freiburg hiyo pwani ni Liguria, Italia, ndiko iliko hiyo Cinque Terre. Sababu ni rahisi tu. Pale milima imeingia baharini moja kwa moja, reli ilipopitishwa miaka ya 1870 ilibidi itoboe mahandaki mengi mno ikishika ukingo wa maji, kwa hiyo karibu kila kijiji kina stesheni yake. Maana yake unatembea upande mmoja kwa miguu, ukichoka au mvua ikianza unaingia treni dakika chache umerudi ulipolala. Begi kubwa unaliacha hosteli, unatembea na maji na mkate. Sijui pwani nyingine Ulaya inayokupa uhuru huo kirahisi vile.

Kuhusu pasi. Kwanza elewa Interrail ni ya wanaoishi Ulaya, si lazima uwe raia, kibali chako kinatosha. Anayetoka nyumbani Tanzania au Kenya anakata Eurail, zinafanana ila jina na masharti madogo ndo tofauti. Mpaka miaka 27 unahesabiwa kijana na unapunguziwa asilimia 25. Sasa usikate ile ya mwezi mzima, kata ile ndogo ya siku 4 ndani ya mwezi mmoja. Siku ya kusafiri inahesabiwa kuanzia saa sita usiku mpaka saa sita usiku, ndani ya hapo panda treni ngapi unazotaka. Na kumbuka ndani ya nchi unayoishi unaruhusiwa safari ya kutoka moja na ya kurudi moja tu. Kama una Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya treni za mkoa Ujerumani nzima, hata hiyo huihitaji, treni za mkoa zinakufikisha Basel Badischer Bahnhof bila kuongeza senti.

Hizo siku 4 zitumie hasa Uswisi, maana Uswisi ndiko nauli inakoumiza. Ukishaingia Italia treni za mkoa, wenyewe wanaziita regionale, ni bei ya chini sana na hazina mambo ya kubuku siti, nunua tiketi siku ile ile uondoke. Wengi wanakatishwa tamaa na pasi kwa sababu hawajui jambo hili: treni za kasi, yaani TGV za Ufaransa, Frecciarossa za Italia na zile za Hispania, zote zinataka ulipie siti juu ya pasi, na kwenye TGV nafasi za wenye pasi ni chache zinaisha mapema. Ukipanda treni za taratibu hulipii kitu na dirishani unaona vizuri zaidi.

Njia yenyewe ninayokushauri: Basel panda treni inaitwa Treno Gottardo. Hii haipiti lile handaki jipya la Gotthard la kilomita 57 lililofunguliwa 2016, inapita reli ya zamani ya mlimani, ya mwaka 1882. Ukifika karibu na Wassen kaa dirishani usisinzie. Pale reli inapanda kwa kujizungusha ndani ya mlima, kwa hiyo kanisa dogo jeupe la kijijini unaliona mara tatu. Mara ya kwanza liko juu yako, treni inaingia handakini inageuka, unatoka kanisa liko usawa wako, inaingia tena, ukitoka liko chini. Mwingine anaweza kudhani ni makanisa matatu. Ukivuka handaki refu la pale juu ukatokea Airolo, hata lugha ya mabango imeshageuka Kitaliano. Unashuka Bellinzona, unabadili kwenda Lugano, kutoka Lugano kuna treni ya mkoa inapita Chiasso mpaka Milano. Hakuna siti ya kulipia hata moja njia nzima. Lala Milano au songa Genova usiku huo huo, ni kama saa mbili tu.

Saudade_ya_Tandale

Mkuu hapo juu kaeleza vizuri ila mi natofautiana naye kidogo. Cinque Terre ni pazuri, hakuna anayebisha, ila watu! Njia ni nyembamba mnapishana na makundi ya watalii. Kama mtu anataka bahari na utulivu, aende Ureno, pwani ya Alentejo, ile njia ya wavuvi, Trilho dos Pescadores. Unaanzia maeneo ya Porto Covo unashuka kusini, Vila Nova de Milfontes, Almograve, Zambujeira do Mar, Odeceixe, na ukiwa na muda unaendelea mpaka Lagos. Alama zake ni mistari ya kijani na buluu, huwezi kupotea. Kila siku kilomita 15 mpaka 22 hivi, kila jioni unafika kijiji chenye kitanda na samaki wa kuchoma.

Kitu kimoja nataka niseme ambacho sijakiona kwingine. Kule korongo weupe wanajenga viota juu ya nguzo za miamba katikati ya bahari, chini mawimbi yanapiga, juu ndege kasimama na makinda yake. Ni wakati wa machipuko ndo unawakuta na watoto, mwezi wa tisa viota vingi vitakuwa vitupu, ila hata ile miamba yenyewe inatosha. Tahadhari ni moja, mchanga. Sehemu nyingi ni mchanga mzito kwa saa nzima nzima, miguu inauma sehemu ambazo hukujua una misuli.

ReliKwaReli

Saudade uko sahihi kwa utulivu, na ile njia nami naiheshimu. Ila mwenzetu kasema treni. Freiburg mpaka Alentejo kwa treni ni mbali, anakwenda Paris, Hendaye, anabadili pale mpakani kwa sababu reli za Hispania upana wake ni tofauti, kisha Madrid na Lisbon hazina treni ya moja kwa moja, na kufika huko bado anapanda basi kwenda Porto Covo maana reli haifuati ile pwani. Wiki mbili nyingi zitaishia njiani. Hiyo aiweke mwaka wa kumaliza masomo, mwezi wa nne, aende na mwezi mzima.

Na hao watu wa Cinque Terre wanakwepeka, sikiliza dada. Vijiji vitano ni Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore, viko kati ya Levanto na La Spezia. Watalii wa kutwa wanajaa pale katikati saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Wewe lala Levanto au La Spezia, bei inapumua kidogo, na utembee hivi:

Siku ya kwanza Levanto kwenda Monterosso kwa kupanda Punta Mesco. Njia hii hailipiwi, ni saa mbili na nusu hadi tatu, ndani ya misonobari, na pale juu kwenye ncha kuna magofu ya watawa wa zamani ambapo ukisimama unaona vijiji vyote vitano kwa pamoja vimejipanga kwenye ukingo. Watu wengi hawaijui, wanashuka treni Monterosso moja kwa moja.

Siku nyingine Monterosso mpaka Vernazza mpaka Corniglia, hapo ndipo unahitaji ile kadi ya hifadhi ya taifa ya Cinque Terre. Kuna ya njia peke yake na kuna inayojumuisha treni za Levanto mpaka La Spezia bila kikomo kwa siku, hesabu siku hiyo utapanda treni mara ngapi ndo uchague, maana tiketi moja moja ya kile kipande ni ghali ukilinganisha na umbali wake. Anza saa moja asubuhi. Corniglia ndo kijiji pekee ambacho hakiko majini, kimekaa juu kama mita 100, na kutoka stesheni kuna ngazi zaidi ya 370.

Corniglia kwenda Manarola njia ya chini imefungwa miaka mingi kwa maporomoko, kwa hiyo pandisha kupitia Volastra, na ukiniuliza hicho ndo kipande bora kuliko vyote na kina watu wachache. Unatembea katikati ya mashamba ya zabibu. Wewe wa Lushoto utapaelewa haraka kuliko Mzungu yeyote, ni matuta kama ya kwenu, ila kuta zake zimepangwa mawe matupu bila saruji, zinashikana kwa uzito wake tu, na ni mwinuko mkali kiasi kwamba wakulima wamefunga vigari vidogo vya meno kwenye reli moja ya chuma nyembamba kama mkono wa mtoto, ndo vinashusha makreti ya zabibu. Mwezi wa tisa ni mavuno, ukibahatika utaviona vikifanya kazi. UNESCO waliliweka eneo hili kwenye orodha mwaka 1997 kwa ajili ya mandhari yote, hizo kuta zikiwemo, si kwa nyumba za rangi tu tunazoziona kwenye picha. Na kuta zikiachwa bila kutunzwa mlima unashuka. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua ilishusha matope Vernazza na Monterosso, watu walikufa, kwa hiyo ukikuta njia imefungwa usiruke uzio.

Kati ya Manarola na Riomaggiore ndo kuna njia ya Via dell'Amore, ilifungwa 2012 baada ya mawe kuanguka, ikafunguliwa tena 2024. Ina malipo yake ya ziada na unabuku saa. Haifiki hata kilomita moja, kama hela ni ya shida iache.

Bint_Likoni

Salaam dada. Mimi niko Torino kwa kazi na nimeipita hiyo pwani mara nyingi, naongeza ya tumbo na ya miguu manake hayo wanaume huwa wanayaruka.

Kama unakula halali waeza kula vizuri sana Liguria bila taabu. Kuna farinata, ni unga wa dengu ule ule wa bhajia, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, wanamimina kwenye sinia kubwa ya shaba wanaingiza tanuri la kuni, inatoka nyembamba, kingo zimekauka kati laini, wakukatia wakupimia kwa uzito. Ile ile ukivuka Nice waiita socca. Halafu kuna focaccia, ya kule asili yake ni mafuta ya zeituni, lakini uliza kama ina strutto, hayo ni mafuta ya nguruwe, mikoa mingine wanatia. Na dagaa wa Monterosso wa chumvi, wallahi ukiwala na ndimu na mkate mchana wako umeisha. Maji usinunue, vijijini kuna mabomba ya hadhara, jaza chupa, ila ukiona bango limeandika non potabile hayo si ya kunywa.

Viatu: ndala na soli laini hifadhi wamezikataza kwenye njia, na faini yaanzia yuro 50. Si lazima ununue mabuti ya bei, raba yenye meno ya kushika yatosha. Begi lisizidi uwezo wako wa kupanda nalo ngazi za stesheni bila kupumzika, hicho ndo kipimo, kwa sababu stesheni ndogo nyingi hazina lifti.

Tiketi ya karatasi ya regionale lazima uigonge kwenye kile kimashine kabla hujapanda. Mkagua tiketi akikuta haijagongwa anakuandikia faini hata kama umelipa. Ya kwenye simu nayo ina hatua yake ya kuthibitisha, isome vizuri.

Na kuhusu kuwa peke yako, hivyo vijiji ni salama, usiku nilikuwa nakaa kwenye ngazi za bandarini Vernazza na ice cream yangu bila wasiwasi. Stesheni kubwa kama Milano Centrale ndo ushike begi lako mbele, na anayekuja kukusaidia mashine ya tiketi bila kuitwa mwambie asante, endelea na yako.

Kaka_wa_Kigali

Naongeza la karatasi ambalo kwetu watu weusi ni muhimu sana na wenzetu huwa hawaliandiki. Nchi za Schengen kwenye makaratasi hazina ukaguzi kwenye mipaka kati yao, lakini kwa vitendo upo. Chiasso, mpaka wa Uswisi na Italia, wanaingia kwenye behewa, Brenner, mpaka wa Austria na Italia, hivyo hivyo, na ukitoka Ventimiglia kuingia Ufaransa polisi wanasimamisha treni stesheni ya Menton Garavan tangu 2015. Ujerumani nayo tangu Septemba 2024 inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu. Mara nyingi watakayemfuata kwanza ni wewe na mimi, hilo linauma na halipaswi kuwa hivyo, lakini usilikute bila maandalizi. Beba pasipoti yenyewe na kadi ya kibali yenyewe, siyo picha kwenye simu. Ziweke mfuko wa karibu, siyo chini ya begi. Kibali chako cha Ujerumani kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa hiyo uko kwenye haki yako kabisa, jibu kwa utulivu, waangalie, wakurudishie, safari iendelee.

mzalendo_Temeke

Na sisi tulioko Dar tunaotaka kuja kufanya hiyo hiyo? Nimeona Uswisi haiko Umoja wa Ulaya, ina maana viza mbili?

Kaka_wa_Kigali

Hapana mkuu, Uswisi iko Schengen, viza moja inatosha. Uingereza na Ireland kwa mfano hazimo, hizo zina viza zao. Unaomba ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, zikilingana unaomba ile utakayoingia kwanza. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, kinga ya bima ya safari isipungue yuro 30,000, na unaweza kuomba mapema hadi miezi 6 kabla. Ratiba yako ya treni iandike siku kwa siku na mahali pa kulala, safari ya nchi nyingi bila maelezo ndo inawapa maswali. Malazi chagua yale yanayoruhusu kughairi bila makato mpaka viza itoke.

Mwana_Lushoto

Jamani ahsanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimeamua Liguria, Ureno naiweka pembeni ila Saudade nimeipenda habari ya korongo, nitawafuata mwezi wa nne mwaka mwingine. Pasi ya siku 4 nakata. Siku mbili za kwenda na kurudi, sasa zile mbili zinazobaki nizitumie wapi? Na mvua je, huo mwisho wa mwezi wa tisa?

ReliKwaReli

Moja itumie Genova kwenda Ventimiglia mpaka Nice na nyingine kurudi. Treni za mkoa za upande wa Ufaransa hazitaki siti kubukiwa, na kipande kirefu kinafuata maji. Huko kuna sentier du littoral, njia za pwani, shuka Cap d'Ail utembee mpaka Monaco kwenye njia ya zege iliyo karibu na mawimbi kiasi bahari ikichafuka wanaifunga. Kama hutaki Ufaransa, shuka Camogli uende San Fruttuoso. Ni monasteri ya zamani kwenye ghuba ndogo, barabara haifiki, ni miguu au boti. Kuna njia mbili, ile ya chini ina minyororo ya kujishikia kwenye mwamba na ukiwa peke yako usiipite, pita ya juu ya Pietre Strette, kurudi chukua boti.

Na siku ukijisikia umechoka, Levanto kwenda Bonassola mpaka Framura. Reli ya zamani ilihamishiwa ndani zaidi ya mlima, yale mahandaki yake wakayageuza njia ya miguu na baiskeli, tambarare kabisa. Unatembea gizani penye taa, baridi inakupuliza, kila baada ya muda ukuta unafunguka dirisha na bahari iko pale chini. Framura unapanda treni kurudi.

Mvua: mwisho wa mwezi wa tisa kwa kawaida bado kuzuri na maji ya kuogelea bado yana joto, mvua kubwa za Liguria ni Oktoba na Novemba. Ila kila jioni angalia tahadhari ya hali ya hewa ya mkoa, ikitolewa hifadhi inaweza kufunga njia.

Bint_Likoni

La mwisho, mgomo. Neno lake ni sciopero, ukiliona limebandikwa stesheni soma tarehe. Migomo ya treni Italia hutangazwa mapema, na siku za kazi treni za mkoa zile za lazima huwa zaendelea saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, na saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu usiku. Ikikuangukia siku ya kurudi, toka na ile ya alfajiri.